Nani Mwenye Haki ya Kusema "Usikate"?

Watu wengi tumezoea kudhani kwamba anayekataza uharibifu siku zote ndiye mwema, na anayeharibu ndiye mbaya. Mtu akikata mkoko, mbaya. Bwana misitu akimkamata, mwema. Hadithi imekwisha, twende tukalale. Lakini kila nikiifikiria Ghuba ya Chwaka naona hadithi hii haijakwisha, na pengine haijaanza. Swali langu katika makala haya ni moja tu: je, mtu hupataje haki ya kumwambia mwenzake "usikate", "usivue", "usiguse"? Inatosha kwamba anachokisema ni kweli? Au kuna kitu kingine anachotakiwa awe nacho kabla hajafungua mdomo?

Ndugu msomaji, kwa asiyepajua, Chwaka iko mashariki ya kisiwa cha Unguja, kilomita 30 hivi kutoka mjini. Ghuba yake imefunguka upande wa kaskazini. Mashariki imekingwa na rasi ya Michamvi. Magharibi wamekaa watu wa Uroa, Marumbi na Chwaka yenyewe. Kusini, upande wa Charawe na Ukongoroni, umetanda msitu wa mikoko ambao ndio mkubwa kuliko yote ya Unguja, nao umekatwakatwa na vijito vya maji ya chumvi, kikubwa chao kikiitwa Mapopwe. Mlangoni upo mwamba wa matumbawe, kwa hiyo mawimbi makali ya Bahari ya Hindi huvunjikia nje, na ndani maji hutulia kama yaliyomo kwenye sinia. Hakuna mto unaomwaga humo. Maji matamu yanayoingia ni ya mvua, na yale yanayochuruzika kimya kimya chini ya mawe.

Jambo la ajabu la mahali hapa ni kupwa na kujaa. Wakati wa bamvua tofauti baina ya maji makubwa na maji madogo hupita mita 3. Maji yakijaa, ghuba ina eneo la kilomita za mraba 50 hivi. Yakitoka, zinabaki 20 hivi. Hebu fanya hesabu mwenyewe: kilomita za mraba 30 ni bahari asubuhi, na adhuhuri ni nchi ya kutembea kwa miguu. Kina mama hushuka na kamba zao za mwani, watoto hupekua mchanga kutafuta kombe, ndege wenye miguu mirefu waliotoka kaskazini ya dunia kukimbia baridi huja kudonoa vijidudu matopeni. Baada ya saa sita pale pale alipokuwa amesimama mtoto anaogelea samaki. Sasa nchi kama hiyo utaiwekea ua wapi? Utaichorea hati gani?

Na wakaazi wake wamefungamana kwa namna ambayo huwezi kumgusa mmoja ukamwacha mwengine. Mkoko unasimama kwenye tope lisilo na hewa, kwa hiyo umejifunza kusimama juu ya mizizi mirefu iliyopinda kama miguu ya kaa. Mchu, ndugu yake, huchomoza mizizi yake juu ya tope kama penseli zilizopandwa, ivute pumzi maji yakitoka. Mbegu ya mkoko haidondoki ikiwa mbegu. Huota ingali juu ya mti wa mama yake, ikarefuka kama mkuki wa kijani, ndipo ianguke. Majani yanayodondoka huliwa na kaa, kaa huliwa na wengine. Mbele ya mikoko kuna malisho ya nyasi za baharini, na katika ghuba hii moja wataalamu wamehesabu aina 11 za nyasi hizo. Humo ndimo anamolisha tasi. Humo na kwenye mizizi ya mikoko ndimo wanamokulia changu wadogo, mpaka wapate kimo cha kwenda kukaa mwambani. Kwa hiyo mvuvi anayemtoa changu mkubwa nje ya mwamba, na pengine hajawahi kuutia mguu wake matopeni, kala mtoto aliyelelewa na mikoko. Na upande wa nchi kavu upo msitu wa Jozani na kima punju wake, ambaye asili yake ni kisiwa hiki cha Unguja tu. Naye huingia mikokoni kula majani.

Haya, basi. Mahali kama hapo panataka kulindwa, na sidhani kuna mtu mwenye akili timamu atakayebisha. Tunapogombana ni kwenye sababu na kwenye sauti. Kwa nini palindwe? Na nani aseme?

Wapo wanaosema: bahari haina mwenyewe, ni ya Mungu, kila mtu na achukue riziki yake. Maneno haya yana mizizi mirefu kwetu. Tumefundishwa kwamba watu ni washirika katika maji, malisho na moto, na nyumba ya mtu mmoja haiwezi kuifungia bahari mlango. Ni mafundisho mazuri. Lakini washirika ni watu wenye deni baina yao. Ukiwa mshirika wangu katika sinia ya wali, hukupewa ruhusa ya kunawa mikono ukaisukuma yote upande wako. Mwenye kusema "ni ya wote" kisha akachota kama kwamba ni yake peke yake, huyo katumia neno la ushirika kufanya kazi ya wizi.

Wapo wengine, na siku hizi ndio wengi, wanaosema palindwe kwa sababu pana faida. Watalii watakuja, samaki watauzwa, mikoko inavuta hewa chafu na wapo matajiri huko duniani wanaolipa kwa kazi hiyo. Sina ugomvi na faida, maana mwenye shibe hamjui mwenye njaa. Lakini sababu hii inanitisha. Kitu unachokilinda kwa bei yake, umeshakitia sokoni. Leo msitu umeshinda kwa sababu una thamani kuliko kuni. Kesho akija mtu na mkoba wake, anataka kujenga hoteli juu ya tope lile lile, na mkoba wake ni mzito kuliko hesabu yetu, tutamjibu nini? Tulishakubali tangu mwanzo kwamba mwenye bei kubwa ndiye mwenye haki. Ni kama kumsifu mama yako kwa sababu anapika vizuri. Siku akishindwa kupika utasemaje?

Wa tatu wanasema: fungeni kabisa. Wekeni mipaka, wekeni walinzi, binadamu atoke, viumbe vipumue. Sauti hii ina huruma kwa ndege na kaa, na mimi naiheshimu kwa hilo. Lakini tazama ni nani hasa anayeisema. Mara nyingi ni mtu ambaye chakula chake hakitoki pale. Akisema "funga", sahani yake haipungui hata punje.

Mimi ni mtu wa kutunga hadithi, basi niruhusu nitunge mfano. Bwana misitu kijana kamkuta bibi mmoja na mzigo wa kuni za mikoko.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba, mwanangu."

"Bibi, hii si mikoko hii?"

"Ni mikoko. Nimekata mwenyewe, sikumtuma mtu."

"Hairuhusiwi, bibi. Hii tunawawekea vizazi vijavyo."

"Vizazi vijavyo ndio hao wajukuu zangu wako nyumbani, wananingojea. Wewe kwako mnapikia nini?"

"Gesi, bibi."

"Basi mwanangu niletee gesi, na panga hili chukua."

Nani kashinda hapo? Kijana yuko sahihi: msitu ukiisha wajukuu watakula nini? Bibi naye yuko sahihi, na tena hakuikataa sheria. Hakusema mikoko haina maana. Alichosema ni kwamba katazo lile limekuja mikono mitupu. Limemtaka yeye atoe, na aliyelileta hakutoa kitu.

Na hapa ndipo inabidi tutoke matopeni twende mjini, maana ukweli wa Chwaka haukai Chwaka peke yake. Pita Mji Mkongwe uinue macho. Utaambiwa uzuri wa nyumba zile, utaonyeshwa milango ya nakshi, utakumbushwa kwamba mwaka 2000 UNESCO iliuingiza mji huo katika orodha ya urithi wa dunia. Yote kweli. Lakini dari limeshikwa na nini? Boriti. Boriti ni nini? Ni mkoko uliokatwa. Hata vyumba vile virefu vyembamba vimekuwa hivyo kwa sababu boriti ina urefu wake, huwezi kuilazimisha ivuke chumba kipana. Na kuta? Ni mawe ya matumbawe na chokaa, na chokaa hiyo ilichomwa kwa kuni, na mikoko ilikuwa miongoni mwa kuni hizo. Na si Zanzibar tu. Majahazi yaliyoshuka na kaskazi kutoka Arabuni yalirudi na kusi yakiwa na boriti za pwani yetu, nyingi zikitoka Lamu na Rufiji, zikaenda kuezeka nyumba za Oman na Ghuba ya Uajemi ambako miti ni adimu.

Na mpaka leo, nyumba ya zamani ikitengenezwa ipasavyo, inataka chokaa tena na boriti tena. Jamani, huu si mtihani? Kwa mkono mmoja tunaihifadhi nyumba, kwa mkono wa pili tunamkamata mkataji. Nyumba tunaiita urithi, na mti uliyoijenga tunauita uharibifu. Aliyelala chini ya boriti kwa miaka 150 anaitwa mwungwana mwenye historia. Aliyekata moja juzi akapikie anaitwa adui wa mazingira. Sisemi nyumba zibomolewe, la hasha! Nasema tu kwamba hesabu ya ghuba ina majina mengi ambayo hayakuandikwa daftarini, na wahenga walishasema, mali bila daftari huisha bila habari.

Tazama na mwani. Kilimo cha mwani wa biashara kilianza pwani ya mashariki ya Unguja mwaka 1989, kwa mbegu iliyotoka Ufilipino, na wakulima wengi ni wanawake. Mwani hufungwa kwenye kamba, kamba ikafungwa kwenye vigingi, na baada ya wiki sita hivi huvunwa, hukaushwa, husafirishwa. Kinachotolewa ndani yake hugandisha na kulainisha vyakula, dawa ya meno na vipodozi vya watu ambao hawatajua hata siku moja kwamba pana mahali panaitwa Chwaka. Kuna aina mbili. Ile yenye bei nzuri, wanayoiita kotonii, imekuwa ikifa mahali pengi kwa sababu maji ya kina kifupi yamepata joto kuliko inavyoweza kustahimili. Imebaki zaidi ile ya bei ndogo, spinosamu. Sasa joto hilo kaliwasha nani? Mama anayeinama majini tangu alfajiri hana kiwanda, hana ndege, pengine hana hata baiskeli. Analipa deni ambalo hakulikopa. Kisha anakuja mtu kutoka huko huko lilikowashwa joto, kashika kalamu, kumfundisha namna ya kuyapenda mazingira.

Kwa hiyo jibu langu ni hili, na nalisema bila kulizungusha. Haki ya kukataza haitoki kwenye elimu peke yake, wala kwenye cheo, wala kwenye huruma. Inatoka kwenye kupungukiwa. Anayesema "usikate" hana budi naye awe amepoteza kitu kwa sababu ya neno lile lile. Katazo ambalo msemaji wake halimgusi ni amri ya mwenye nguvu tu, hata kama ni la kweli. Na katazo ambalo msemaji wake kashiriki hasara yake, hilo ndilo linaloitwa mapatano.

Najua yapo mapingamizi. Niyakabili.

La kwanza: mkoko haujali haki. Panga la maskini na panga la tajiri hukata sawasawa, na tope likibaki wazi, samaki hawatauliza aliyekata alikuwa na njaa au hakuwa nayo. Kweli kabisa. Ndiyo maana sikusema kwamba maskini akate apendavyo. Kanuni yangu haimpi mtu ruhusa ya kuharibu; inatuambia nani alipe ili uharibifu ukome. Hayo ni mambo mawili, na watu wengi huyachanganya. Tena hata tukiacha uadilifu pembeni tukatazama manufaa tu, katazo lisilo na haki huvunjwa usiku. Mlinzi ana macho mawili, na vijito vya Mapopwe ni vingi.

La pili: mbona wenyeji wenyewe wanaharibu? Hili ni zito, wala sitaki kuliruka. Wavuvi wa ghuba hii wengine huvua kwa dema, mtego wa kusukwa unaotegwa kwenye nyasi ukamngoja tasi aingie mwenyewe. Wengine hukokota juya. Juya likipita linachukua wakubwa na wadogo na kuzing'oa nyasi. Watu wa dema na watu wa juya wamegombana kwa miaka mingi, vijiji jirani, watu wanaooleana. Tumezoea kusema wapiganapo tembo nyasi huumia. Chwaka methali hiyo haina haja ya kufasiriwa. Wala wakulima wa mwani si malaika, maana mashamba yao nayo husafishwa nyasi ili kamba zikae. Basi mwenyeji naye anapimwa kwa kipimo kile kile. Mwenye juya ambaye pakichakaa hapa anahamia kwengine, huyo ni mgeni hata kama kitovu chake kimezikwa Chwaka. Mwenye dema anayerudi kesho pale pale alipotega leo, hasara ya mahali pale ni yake, kwa hiyo neno lake lina uzito zaidi. Sikumpendelea kwa uzawa. Nimempima kwa swali moja: maji yakirudi, wewe utakuwepo?

La tatu ndilo linalonisumbua zaidi. Tuna methali isemayo asiyekuwepo na lake halipo. Kama haki ya kusema inatoka kwenye kupungukiwa, vipi kuhusu wale wanaopungukiwa bila kuwa na mdomo? Kaa hana wakili. Changu mdogo hahudhurii mkutano wa kijiji. Mtoto atakayezaliwa miaka 50 ijayo hawezi kuja kulalamika kwamba tulimlia mtaji wake. Kwa methali hiyo, wote hawa hawana lao. Lakini mimi nadhani methali ile inaeleza desturi ya watu, haielezi haki. Inatuambia jinsi tunavyogawana, haisemi kwamba mgawo huo ni mzuri. Hata kwenye karamu zetu, mtu mwenye adabu humfunikia chakula asiyekuwepo, na mtoto akikifunua hupigwa mkono. Kama tunaweza kumfunikia sahani mjomba aliyechelewa shambani, kwa nini tushindwe kumfunikia yule ambaye hajafika duniani? Na anayefunika sahani hiyo lazima aitoe kwenye fungu lake mwenyewe. Akiitoa kwenye fungu la jirani yake maskini, hapo hakumfunikia mtu. Kampokonya mmoja akampa mwengine, kisha yeye kachukua sifa.

Je, mambo haya yanawezekana, au ni ndoto za mtunga hadithi? Yanawezekana, na mwanzo wake upo. Sheria ya misitu ya Zanzibar ya mwaka 1996 ilifungua njia kwa vijiji kufanya makubaliano ya kusimamia misitu yao wenyewe. Jozani na Ghuba ya Chwaka vilitangazwa kuwa hifadhi ya taifa mwaka 2004, na sehemu ya fedha za viingilio vya watalii huko Jozani hurudi vijijini, pamoja na kwa wakulima ambao mazao yao huliwa na kima. Sisemi fedha hizo zinatosha. Nasema zina maana, maana hapo anayependa kumwona kima punju hulipia mihogo aliyoila kima. Mgeni kapungukiwa kidogo, mkulima kafidiwa kidogo, na kima kabaki. Mwaka 2016 UNESCO nayo iliitambua Jozani na ghuba yake. Nishani ni nzuri, ila swali ni lile lile: baada ya nishani, nani kapungukiwa na nini?

Basi nimalizie kwa kutoa rai. Mwenye hoteli anayetaka pwani iwe safi na wavuvi wakae mbali, aseme kwanza yeye ataacha nini. Serikali inayotaka boriti zisikatwe, ianze na boriti za majengo yake, ipande inazozihitaji na ihesabu hadharani. Nchi kubwa zinazotaka mikoko yetu iwapumulie moshi wao, zipunguze moshi kabla hazijatuletea semina. Na sisi vijana wa mjini tunaoandika makala kama haya, tukala pweza wa kukaanga Forodhani, tulipe pweza kwa bei itakayomwezesha aliyemchokoa kuwaacha wadogo wakue. Kila mmoja afike akiwa na kitu mkononi. Hapo ndipo yule kijana wa misitu ataweza kumtazama bibi usoni na kusema "usikate, bibi", na bibi naye, nina hakika, ataliweka panga chini.